Mjengoni Kila Kitu Kina Cheti Ila Udongo

Haya, tuhesabu karatasi kabla jua halijawa kali. Kuna tangi la chuma la kilo 3,200 linataka kupanda kwa kreni juu ya paa, orofa ya nne. Kazi yenyewe dakika ishirini. Makaratasi yake ukiyabandika, unafunika ukuta wa choo cha mafundi na mlango wake.

Ya kwanza ni leseni ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya, daraja la G, ile ya mitambo. Bosi akiiona tu anapumua: "Huyu ni opereta." Opereta wa nini, mzee? Leseni inasema jamaa anaweza kuifikisha kreni hapa bila kulilaza mtaroni. Habari za kuinua hazimo. Hizo zina mtihani wake wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, unaanza gredi ya 3, unapanda hadi ya 1. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mashine ya kuinulia iendeshwe na mtu aliyefunzwa na anayeiweza mashine hiyo. Hako kaneno "hiyo" ndiko waajiri hukasoma wakiwa wamevua miwani. Aliyezoea kreni ya mnara, iliyoshikwa na msingi wa zege siku zote, hajawahi kuwaza miguu ikanyage wapi, ile ya chuma inayotolewa pembeni kuzuia kreni isipinduke. Ukimpandisha kreni ya magurudumu, ataanza kuwaza chuma kikishainama.

Kreni nayo ina zake. Mashine ikaguliwe kila miezi 12, minyororo na kamba kila miezi 6, na mkaguzi awe ameidhinishwa. Yaani mnyororo unaenda kliniki mara mbili kwa mwaka. Anayeuvuta akienda mara moja, jueni ni malaria. Basi cheti kinaletwa, kina muhuri, kimelaminetiwa, kinang'aa. Soma namba ya mashine iliyoandikwa pale, kisha kaisome kwenye kibati cha kreni. Mara ngapi unakuta ni cheti cha nduguye aliyebaki yadi! Mkanda wa kufungia mzigo nao una lebo ya uwezo wake, lakini lebo imekatwa, eti ilikuwa inaning'inia vibaya. Mkanda usio na lebo haubebi hata godoro. Hakuna anayejua uwezo wake, hata wenyewe haujijui.

Sasa njoo kwenye chati ya mizigo, ile jedwali ya kreni inaweza kubeba kiasi gani kwa umbali gani, maana hapa ndipo watu wazima hutoa ulimi. Mkononi mwa kreni imeandikwa "tani 50" kwa herufi kubwa kama tangazo la sabuni. Tani 50 hizo ni mzigo ukiwa karibu mita 3 kutoka katikati kreni inapozungukia, miguu yote imetolewa mwisho, mkono mfupi. Sogeza mzigo hadi mita 20 na unaweza kubaki na tani nne au tano tu. Tangi letu ni kilo 3,200, sivyo? Ongeza kulabu na kapi zake, kilo 450. Ongeza boriti ya kutanulia mikanda, 200. Mikanda na pingu za chuma, 60. Jumla kilo 3,910, na upepo haujahesabiwa, na yule kijana aliyeacha maji nusu ndani ya tangi hajajitokeza. Tena mzigo ukinyanyuka, mkono unapinda kidogo na umbali unaongezeka wenyewe. Ulipima mita 14, sasa ni 14 na nusu. Chati isomwe kwa umbali mkubwa unaofuata. Kuchukua namba ya katikati kwa makisio ni kamari, na wanaosimama chini hawakuweka dau.

Pembe ya mikanda pia. Mzigo wa tani 3 kwa mikanda miwili iliyosimama nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mmoja unabeba kama tani 1.73. Ilaze hadi nyuzi 30 kwa sababu mikanda ni mifupi na duka liko mbali, kila mmoja unabeba tani 3 nzima. Mikanda miwili, na kila mmoja unafanya kazi ya yote. Kama ofisini.

Halafu udongo. Huyu bwana hana leseni, hana gredi, hana muhuri, na ndiye anayebeba kila kitu. Kreni yenyewe ikiwa na uzito wa tani 40, na mzigo wa tani 4, ni tani 44. Mkono ukielekea pembeni, mguu mmoja unaweza kubeba robo tatu yake, tani 33. Kisahani cha mguu kikiwa nusu mita kwa nusu mita, hizo ni tani 132 kwa kila mita ya mraba. Weka chini yake jukwaa la mbao nzito la mita moja na nusu kila upande, inashuka hadi kama 15. Tofauti hiyo ni mbao tu! Lakini mbao ziko wapi? Zimefungia mlango wa stoo. Kwa hiyo mguu unakanyaga udongo mweusi wa mfinyanzi uliopata mvua jana, au shimo la zamani la choo lililofukiwa kwa takataka na kusahaulika. Karibu na mtaro, kaa mbali angalau sawa na kina chake. Mtaro wa mita 2, mguu mita 2 nyuma.

Na kile kidude kinachoning'inia kwenye ncha ya mkono, kizito cha chuma chenye swichi! Kazi yake ni kuzima winchi inayokunja kamba kabla kulabu haijagonga kichwa cha mkono na kukata kamba. Kinapiga kelele, kwa hiyo kimefungwa juu kwa waya wa kufungia nondo. Waya una mafundo mazuri, lazima niseme.

Mwisho ni ishara. Sheria haitaki mtu aliye chini ya miaka 18 ampe opereta ishara, na mpaji ishara awe mmoja. Tazama hapa: foromani anaonyesha juu, mwenye tangi anaonyesha kushoto, fundi wa paa anapungia shemeji yake. Ishara moja tu haina mwenyewe: "simama". Hiyo inaruhusiwa kutoka kwa yeyote, na opereta lazima aitii. Mama wa chapati ndiye huitoa mapema zaidi, kwa sababu meza yake iko upande ambao mguu umeanza kuzama: mikono miwili kichwani, mwiko bado umeshikwa, "Mayoo!" Haimo kwenye chati ya ishara. Winchi imesimama.