Kipupwe hiki Tanga tutoke nje jamani

Juzi usiku nimelala na shuka mbili. Mtu wa Lushoto akisoma hapa atacheka mpaka adondoke na ana haki yake, huko kwao mchana kweupe watu wamevaa makoti, lakini sisi wa huku chini pwani hewa ikishuka tu mpaka digrii 20 na kitu tunatembea tumejikunja mikono kwapani utadhani tumefiwa. Ndo kipupwe chetu hicho. Juni, Julai, Agosti, upepo wa kusi unavuma, bahari imechafuka, na usiku hata feni hukumbuki kama unayo.

Sasa mimi nina neno moja nimelibeba muda mrefu leo nalitua: hii miezi mitatu ndo msimu wetu wa kukaa nje na kufanya sanaa, na tunaimaliza yote tumejifungia ndani na simu tukiangalia shoo za Dar.

Hebu angalieni mwaka wa hapa unavyokwenda. Januari na Februari ni kaskazi, joto lake ukisimama uwanjani dakika kumi shati unalikamua. Machi mpaka Mei masika, hapo ukifunga turubai unatafuta kesi na Mungu. Vuli nayo leo mvua kesho jua huwezi kupanga kitu. Kinachobaki ni kipupwe. Vimvua vya kupitapita vipo sikatai, hii ni Tanga si Dodoma, ila ni mvua ya kukimbilia barazani ukamaliza kikombe cha kahawa ukarudi kwenye kiti chako. Halafu watu wapo. Wenye vyombo vidogo wengi hawatoki kuvua siku za kusi kali, wanafunzi wamefunga mwezi wa sita, machungwa ya Muheza yamejaa hadi mtu anakubembeleza ubebe, yaani mji una nafasi na una njaa ya kitu cha kwenda kuangalia.

Na vitu vyenyewe vikiwepo ndo vinafanywaje. Mwaka jana nilimtoa shangazi yangu kwenda kwenye usiku wa taarab, ukumbi wa ndani, tiketi elfu ishirini kila mmoja, tangazo limeandikwa saa mbili kamili usiku. Shangazi kajipaka udi, kavaa doti mpya, saa mbili kasorobo tumeshakaa kwa sababu yeye ni mtu wa zamani, ukimwambia saa mbili ni saa mbili. Saa tatu wanapanga viti. Saa nne jamaa mmoja anasema "maiki cheki, maiki cheki" na hana habari nasi. Saa tano kasoro ndo anatoka msanii wa kwanza, na shangazi kaniinamia sikioni, "Mwanangu nirudishe nyumbani, mie n'shaota ndoto mbili hapa." Tukaondoka hatujasikia hata wimbo mmoja ukaisha. Elfu arobaini hiyo, na bajaji juu yake. Sitaji ukumbi wala waandaaji, wao wenyewe wanajijua, na kusema kweli si wao peke yao, kila mtu kashazoea hivyo, tangazo la saa mbili watu wanalisoma saa nne.

Afu sasa linganisha na hiki kingine. Mwezi huu wa sita, Jumamosi moja, Ngamiani, mtaani kwetu, kuna kinyozi ana spika kubwa ya kupigia miziki wateja. Kuna mzee hapo jirani zamani alikuwa akipiga gitaa kwenye bendi, gitaa bado analo, nyuzi zilikuwa sita zimebaki tano. Basi vijana wakamchokoza, "Babu tupigie basi," babu akasema nipeni kipaza sauti, waya ukavutwa kupitia dirisha la saluni, benchi mbili zikatoka, wacheza bao wakasogeza bao lao pembeni, muuza kahawa aliyekuwa anapita zake akatua birika. Hamna tangazo hamna tiketi. Saa mbili na robo babu kashaanza na watu wamejaa hadi katikati ya barabara, bodaboda zinapita kwa kuomba njia.

Wimbo wa tatu, kati ya beti, tii, giza. Luku imeisha.

Hapo ndo ungewaona watu wa Tanga. Mmoja katoa mia tano, mwingine elfu, kinyozi kawasha tochi ya simu anabonyeza tokeni, tarakimu ishirini, kakosea mara mbili maana kila mtu anamsomea namba yake, na huku nje yule mama anayekaanga mihogo kamwaga maji yaliyokuwa kwenye ndoo, kaigeuza juu chini kaanza kuipiga, akapokea ubeti pale pale babu alipokatikia. Bila kipaza sauti! Sauti kavu ya mama wa makamo inapanda juu ya upepo wa kusi na gitaa la nyuzi tano linamfuata nyuma polepole kama mtu anayemshika bibi mkono kuvuka barabara. Umeme uliporudi kuna watu wakapiga kelele "zima, zima hiyo!" Na kinyozi kazima kweli. Watu wakaanza kuinuka kutunza, sarafu za mia tano na noti za elfu moja moja zinadumbukizwa kwenye beseni la mihogo, na mama wa watu haachi kuimba, anatikisa tu kichwa kushukuru.

Shangazi alikuwepo, na safari hii hakusinzia.

Nikisema Tanga ina haki ya vitu hivi siongei kwa kujipendelea. Gitaa kuingia kwenye taarab ni mambo ya hapa hapa, Black Star Musical Club ndo walioichukua taarab wakaipa gitaa la umeme na besi, ikawa taarab ya kuchezeka, na mtindo ule ukasambaa mpaka Mombasa. Baadaye Lucky Star wakaja nao. Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani aliyetutoka 2016, sauti yake iliiva kwenye vikundi hivi. Upande wa dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na wale ndugu wawili Wilson na George Peter Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz hapa kabla ya kwenda Arusha, na baadaye Kenya wakawa Simba Wanyika. Yaani mji huu umelisha sanaa Afrika Mashariki nzima, leo mtoto wa Makorora akitaka kuona mtu anapiga gitaa kwa vidole inabidi afungue YouTube.

Na kuna hili ambalo linaniuma kuliko yote. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliitangaza 2021. Katikati ya kipupwe! Na Shaaban Robert ni wetu, kazaliwa Vibambani 1909, kazikwa Machui, ni hapo tu ukitoka mjini, kwa baiskeli unafika (na mtu wa Tanga bila baiskeli ni nani). Hata kufa alikufa mwezi wa Juni, 1962. Sasa wewe niambie mji gani mwingine una bahati hiyo, siku ya lugha ya dunia nzima inaangukia msimu wako wa hewa nzuri na mshairi mkubwa wa lugha yenyewe kalala kwenye ardhi yako. Mwaka jana siku hiyo nilizunguka na baiskeli kuanzia Chumbageni hadi Raskazone natafuta mahali watu wanasoma hata utenzi mmoja. Nilichokuta ni promosheni ya laini za simu. Kama kulikuwa na kitu ndani ya ukumbi fulani basi kilikuwa cha wenye kadi, sisi wa mtaani hatukuambiwa.

Watu wakisikia hivi wanakimbilia kusema tutafute mdhamini, tufanye tamasha kubwa la kimataifa. Mi naogopa hilo neno kimataifa. Angalia Bagamoyo, mji mdogo kuliko wetu, tamasha lao la chuo cha sanaa walilianza 1982, chuo chenyewe kina mwaka mmoja tu. Ukumbi wao ukaungua 2002 na tamasha bado lipo hadi leo. Mtu yuko Morogoro huko anajua kwamba kila mwaka Bagamoyo kuna kitu. Kule Quebec, Kanada, kwenye baridi ya kugandisha mate, kanivali yao ya majira ya baridi wanairudia tangu 1955 na watu wanatoka nje na watoto mgongoni, sisi digrii 20 tunasema ah, usiku kuna baridi nitapata mafua.

Mimi ningeanza na kidogo. Jumamosi moja moja, Juni hadi Agosti, pale viwanja vya Jamhuri ambapo unaiona bandari na kisiwa cha Toten kwa mbele, watu waanze kukusanyika baada ya laasiri, kukiadhiniwa magharibi kila kitu kinyamaze watu wakaswali, kirudi baada ya isha, na saa nne usiku kila mtu nyumbani kwake. Wiki hii ngoma za Wabondei na Wadigo, wiki ijayo mashairi ya kujibizana, nyingine gitaa, nyingine watoto wa shule. Bure. Vyoo viwepo, hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni, VYOO, maana akina mama wanaacha kuja kwenye mambo mengi kwa sababu hiyo na hawasemi. Na ratiba ibandikwe sokoni na stendi, si kwenye grupu la wasap ambalo nusu ya mji haimo.

Najua kuna mgosi atasema ngoma usiku zinaleta uhuni. Sawa, ndo maana nimesema saa nne. Uhuni wa hapa nnaoujua mimi unaanza saa sita na hauna mashairi.

Wakati wakubwa wanafikiria, sisi Ngamiani tunaendelea. Babu kapata uzi wa sita, kaletewa na mjukuu wake kutoka Dar. Jumamosi hii tena, baada ya isha, kinyozi kasema spika ipo ila luku inunuliwe kabla ya magharibi, na yule mama wa mihogo kaniambia hata wasinunue, ndoo yake ipo.