Umeme wa jua kutoka angani: je, vipokezi vya kuchapishwa vitashusha gharama?

Tangu mhandisi wa Marekani Peter Glaser alipotoa wazo la kuvuna umeme wa jua angani na kuutuma duniani mwaka 1968, watetezi wake wana hoja nzito: angani hakuna mawingu, na setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta huangaziwa na jua karibu saa zote. Huugeuza mwanga kuwa maikrowevu (aina ya mawimbi ya redio) na kuyaelekeza kwenye uwanja wa antena duniani, ambako dayodi, vifaa vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huyageuza kuwa umeme wa kutumika. Upokeaji wenyewe ulithibitishwa zamani: mwaka 1975, huko Goldstone, California, zaidi ya kilowati 30 zilivunwa kutoka umbali wa takribani kilomita moja na nusu.

Shida ni ukubwa wa uwanja. Mpango wa Marekani wa mwishoni mwa miaka ya 1970, wa gigawati 5, ulihitaji uwanja wa kilomita 10 kwa 13, wenye mabilioni ya antena na dayodi. Hapo kila senti inayopunguzwa kwa kipande kimoja huokoa mamilioni ya dola. Ndiyo sababu naliunga mkono wazo la kuchapisha antena kwa wino wenye madini ya fedha au shaba juu ya plastiki, kwa mitambo inayokimbia kama ya magazeti.

Kikwazo ni dayodi. Maikrowevu ya gigahezi 2.45 hubadili mwelekeo mabilioni ya mara kwa sekunde, na semikonda (malighafi ya dayodi) nyingi za kuchapishwa haziwezi kwenda na kasi hiyo. Tena, nguvu ikiwa ndogo dayodi hufanya kazi vibaya: katika mpango ule, katikati ya uwanja palikusudiwa kupata wati 230 kwa mita ya mraba, pembezoni wati 10 tu. Kwa sasa naona afadhali antena zichapishwe, dayodi za kawaida za kiwandani zibandikwe juu yake.

Wapinzani nao wana haki. Ripoti ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya Januari 2024 ilikadiria kuwa umeme huu ungegharimu mara 12 hadi 80 zaidi ya vyanzo vya ardhini, na mzigo mkubwa ni kurusha mitambo angani. Kipokezi cha bei nafuu hakiugusi mzigo huo.

Hata hivyo, utafiti wa vipokezi haulazimiki kusubiri roketi. Wachapaji waviweke nje, kwenye jua kali na mvua, kwa miaka kadhaa, kisha watangaze ni kiasi gani cha mawimbi bado kinageuka umeme.