Daftari la ulinzi wa mtoto: anayeandika yupo, anayesoma ni nani?

Mwanafunzi akipatwa na jambo baya huku kusini mwa Tanzania, wazazi huuliza kwanza: kwani walimu hawakuona kitu? Mara nyingi waliona, na wengine waliandika. Ndiyo maana mjadala kati ya wanaotaka kumbukumbu za ulinzi wa mtoto shuleni, yaani yale walimu wanayoandika kuhusu mtoto aliye hatarini, ziboreshwe na wale wanaosita ungeanzia kwenye kile kinachotokea baada ya mwalimu kufunga daftari.

Tuchukue mfano wa msichana wa darasa la sita katika kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara, msimu wa korosho. Wazazi wamehamia shambani kuokota, yeye kaachwa na bibi. Rejista inaonyesha hakufika Jumatatu tatu mfululizo. Kitabu cha adhabu kinaonyesha alichapwa viboko viwili kwa kuchelewa. Mwalimu wa zamu ameandika, "Amelala darasani, ameonywa." Mwalimu wa unasihi, anayewasikiliza na kuwashauri wanafunzi, naye ana mstari wake: mtoto amekuwa mkimya, ana simu mpya na hataki kumtaja aliyempa. Ni vitabu vinne vya watu wanne, na kila mstari ukisomwa peke yake ni jambo dogo. Viweke juu ya meza moja, uone kama utalala usingizi usiku huo.

Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaotaka kumbukumbu zipitiwe upya, na imekwisha kulipiwa kwa damu kwingineko. Uingereza, mwaka 2002, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa katika mji wa Soham na mwanamume aliyekuwa ameajiriwa kutunza majengo ya shule. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard, uliotoa ripoti mwaka 2004, ulionyesha kuwa mtu huyo alikuwa ametuhumiwa mara kadhaa katika eneo alikotoka, lakini taarifa hazikutunzwa vizuri wala kuunganishwa. Waliompa kazi hawakuziona.

Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana, alikuwa 1 katika 7. Mtoto asiyeweza kusema anahitaji mtu anayesoma dalili. Tena kumbukumbu iliyoandikwa siku ileile, yenye tarehe na maneno ya mtoto mwenyewe, hubaki palepale hata pale familia mbili zinapokaa usiku na kumalizana kwa fedha za korosho.

Lakini wanaosita wana sababu, na sioni haki kuwaita wakwepaji. Kijijini kila mtu ni ndugu, jirani au mtani wa mwenzake. Kabati la ofisi halina kufuli, au funguo anayo kila mtu. Habari ya mtoto aliyebakwa ikitoka ofisini saa nne, jioni ipo kisimani, na mtoto anaumizwa mara ya pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Ni shule ngapi zinatunza daftari la unasihi kwa uzito huo?

Kuna pia hatari ya chapa. Mwalimu mmoja akiandika "mhuni" darasa la nne, neno hilo laweza kumfuata mtoto hadi sekondari. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Faili lililojaa hukumu linaweza kuwafukuza tena bila barua. Kuhusu unyago, mafunzo ya jadi ya kuwaingiza wasichana utu uzima, nimesikia neno "amechezwa", yaani amepitia unyago, likitumika kama maelezo tosha ya mabadiliko ya mtoto. Si maelezo. Wapo mabinti wengi waliochezwa wakarudi darasani na kufaulu. Kinachofaa kuandikwa ni kilichobadilika: anakosa siku zipi, nani anakuja kumchukua, amesema nini.

Na mwalimu mwenye watoto sabini mbele yake akiletewa fomu nyingine ya kurasa sita ataijaza Ijumaa mchana, kwa kubuni.

Nikipima pande zote, nasimama na wanaotaka maboresho, ila fomu mpya siziungi mkono. Daftari moja linatosha, lenye kufuli na funguo mbili tu: ya mwalimu mkuu na ya mwalimu wa unasihi. Mwalimu mwingine yeyote alete alichoona au alichosikia, bila hukumu, na kiandikwe pamoja na hatua iliyochukuliwa na jina la aliyearifiwa. Kisha, mara moja kwa mwezi, wawili hao wakae walisome pamoja na rejista na kitabu cha adhabu, wakimtafuta mtoto ambaye jina lake linajirudia. Wakimpata, afisa ustawi wa jamii aitwe, na ikibidi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na kama anayetuhumiwa ni mwalimu mkuu mwenyewe, njia iwe wazi ya kumruka. Bila hivyo funguo hizo zitamlinda mkosaji. Namba 116 ya simu kwa mtoto ipo, na ibandikwe ukutani watoto wanapoweza kuisoma.

Uhamisho nao una pengo lake. Mtoto anayetoka Newala kwenda kwa mjomba Kilwa anabeba barua ya uhamisho na matokeo yake, na yaliyomsibu yanabaki kabatini. Taarifa hizo zinafaa kwenda kwa mkuu mpya ndani ya bahasha iliyofungwa, zisipitie mikononi mwa mtoto wala mjomba, kwa sababu huenda mjomba ndiye tatizo.

Halmashauri ikitaka kuanza na jambo moja lisilo na gharama, iagize usomaji wa mara mbili: kabla ya shule kufungwa Desemba, watoto wanapokwenda jandoni, unyagoni na mashambani, na wiki ya kwanza baada ya shule kufunguliwa Januari, rejista inapoonyesha nani hajarudi.