Kifaa cha kufuatilia ndege ndogo: anayeonekana na anayeona

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2007, Steve Fossett, mtu aliyekwisha kuizunguka dunia peke yake kwa puto, aliruka na ndege ndogo ya injini moja kutoka shamba moja la Nevada, Marekani. Hakurudi. Hakuwa ameacha mpango wa safari. Alitafutwa kwa wiki kadhaa kwa ndege na kwa miguu, na maelfu ya watu wakapekua picha za setilaiti mtandaoni, asionekane. Redio ya dharura iliyokuwa ndani ya ndege, ambayo kazi yake ni kupiga mbiu ndege inapoanguka, haikusikika. Mabaki yalipatikana tarehe 1 Oktoba 2008 katika milima ya California, na hata hapo ni kwa sababu mtu aliyekuwa akitembea porini aliokota vitambulisho vyake.

Kisa hicho hunijia kila ninapomsikia mmiliki wa ndege ndogo akiuliza kama kuna haja ya kufunga kitumaji cha mfumo uitwao ADS-B. Katika mfumo huo ndege hujua mahali ilipo kwa GPS, kisha hujitangaza karibu kila sekunde: mimi ni fulani, nipo hapa, mwinuko wangu ni huu, naelekea kule kwa kasi hii. Rada humpa mwongozaji wa ndege taarifa mpya kila baada ya sekunde 5 hadi 12, na mlima ukikaa kati haioni kitu. Tangazo la ADS-B hupokewa na antena ndogo ya ardhini, na ndege iliyo jirani, na siku hizi hata na vipokezi vya kampuni ya Aireon vilivyo kwenye setilaiti za mawasiliano za Iridium. Fossett angekuwa na kifaa hiki, huenda katika milima ile antena za ardhini zingempoteza kabla ya dakika yake ya mwisho. Lakini watafutaji wangekuwa na nukta ya kuanzia, na nukta moja ingewapunguzia mamia ya maili za kupekua.

Ushahidi wa faida hii upo. Alaska ina vijiji vingi visivyofikiwa na barabara, na katika maeneo mengi rada haiwaoni wanaoruka chini. Mradi wa Capstone ulianza kufunga vifaa vya aina hii kwenye ndege ndogo za eneo la Bethel mwishoni mwa miaka ya 1990, na kati ya 2000 na 2004 kiwango cha ajali kwa ndege zilizofungwa kilishuka kwa asilimia 47. Tusikipe kitumaji peke yake sifa yote hiyo. Ndege zile zilipewa pia skrini yenye ramani ya milima, taarifa za hali ya hewa, na mafunzo kwa marubani. Aliyefunga kitumaji tu asitarajie matunda ya Capstone.

Wanaosita wana hoja, na sioni haki kuwaita wakaidi. Ulaya yenyewe imewalazimisha wenye ndege zinazozidi kilo 5,700 au zinazosafiri kwa kasi ya zaidi ya noti 250 (karibu kilomita 463 kwa saa), ndege ndogo ikaziacha nje ya sharti. Marekani ilikwenda njia nyingine: kanuni ilitolewa 2010, wamiliki wakapewa karibu miaka kumi, na tangu tarehe 1 Januari 2020 huingii anga la viwanja vikubwa, wala kuruka juu ya futi 10,000 katika sehemu kubwa ya nchi, bila kifaa hicho. Ndege ambazo tangu kuundwa hazikuwa na umeme unaozalishwa na injini zilipewa nafuu.

Kisha kuna gharama. Kwa ndege yenye umri wa miaka 40 au 50, kifaa na kazi ya fundi vinaweza kumeza sehemu isiyo ndogo ya thamani ya ndege yenyewe. Serikali kadhaa zimelijua hilo. Marekani ilianza 2016 kuwarudishia wamiliki wa ndege za injini moja dola 500; Uingereza ilianza 2020 kurudisha nusu ya bei, isizidi pauni 250; Australia ikafuata 2022 kwa nusu isiyozidi dola zake 5,000. Mimi naisoma misaada hiyo kama ungamo. Anayefunga kitumaji hugharamia kuonekana na wenzake, na mwongozaji wa ndege na marubani wengine hufaidika kabla yake. Kitu kinachowafaa wote kinapolipiwa na mmoja, ni haki wote wachangie.

Hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya faragha. Matangazo hayo kwenye megahezi 1090 hayajafichwa kwa msimbo wowote. Mtu yeyote mwenye kipokezi kidogo na kompyuta anayasikia, na kila ndege ina nambari yake ya utambulisho ya biti 24 ambayo nchi nyingi huihusisha na daftari la usajili lililo wazi kwa umma. Dunia iliyaona haya katika mzozo wa 2022 kuhusu ndege ya Elon Musk, ambayo mwanafunzi mmoja alikuwa akitangaza mienendo yake. Bilionea ana walinzi. Mwenye ndege ya viti vinne hana, na bado yeyote anaweza kujua kwamba leo hayupo nyumbani. Marekani imeruhusu nambari za muda za kuficha utambulisho, lakini hazitumiki nje ya anga lake. Sheria ya huko inasema pia kwamba kifaa kikishafungwa sharti kiwashwe muda wote wa safari, hata mahali ambapo hakitakiwi. Uamuzi wa kufunga, basi, ni uamuzi wa kuonekana daima.

Baadhi ya viwanja vimeanza kuyatumia matangazo haya kuwatoza wamiliki ada za kutua. Hapa nasimama na wanaolalamika bila kusita. Rubani mwanafunzi anayerudia kutua mara kumi ili azoee hapaswi kuhesabu noti kila magurudumu yanapogusa lami. Takwimu iliyotolewa kwa ajili ya usalama ikigeuzwa kuwa kitabu cha hesabu, watu watatafuta njia ya kunyamaza, na atakayeumia ni ndege ya jirani. Sheria itenge mambo haya mawili.

Pamoja na hayo, mimi niko upande wa kufunga. Shaka yangu inahusu kufunga nusunusu, na mfano wake ni ajali ya tarehe 13 Mei 2019 karibu na Ketchikan, Alaska. Ndege mbili ndogo za kutua majini, zote zikiwa na watalii, ziligongana mchana, na watu sita wakafa. Zote mbili zilikuwa na ADS-B. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, iligundua kwamba moja ilikuwa ikijitangaza bila mwinuko wake wa barometa, yaani ule unaopimwa kwa shinikizo la hewa, kwa sababu kidhibiti kinachoupeleka mwinuko huo kilikuwa kimezimwa. Kwa kuwa mwinuko haukuwepo, programu kwenye tableti ya rubani wa pili haikuweza kumpigia kengele. Na ile ya kwanza? Ilikuwa na skrini ya kuonyesha ndege jirani, lakini mfumo wake ulikuwa umebadilishwa miaka kadhaa nyuma, na ule mpya haukuwa na tahadhari ya sauti wala ya picha. Rubani aliitazama skrini kama dakika nne kabla ya kugongana, hakuona hatari, akarudisha macho nje.

Yapo mafunzo mawili hapo, na mengi yanayosemwa kuhusu kifaa hiki huyaruka. La kwanza ni kwamba kutuma na kupokea ni mambo mawili. Kanuni ya Marekani hulazimisha kutuma tu, na mmiliki anayetimiza sharti kwa bei ndogo iwezekanavyo huonekana bila yeye kuona. La pili ni kwamba picha bila kengele inamtaka rubani aitazame muda wote, na rubani wa ndege ndogo hapaswi kukodolea skrini wakati macho yake yanahitajika nje. Fedha ikibana, ningependa mtu aache skrini kubwa ya rangi, anunue kipokezi kidogo cha kubebeka chenye tahadhari inayosikika kwenye vipokea sauti vyake vya kichwani.

Uchaguzi wa masafa nao unadai fikra. Marekani, chini ya futi 18,000, inaruhusu pia megahezi 978, na vipo vifaa vya masafa hayo vinavyochukua nafasi ya taa ya ncha ya bawa au ya mkia, hivyo kazi ya fundi hupungua sana. Ni suluhisho zuri kwa asiyevuka mpaka. Anayetaka kwenda nchi nyingine atahitaji 1090. Kanada, ambayo husikiliza kwa setilaiti, inataka antena inayosikika kutoka juu pia, kwa hiyo antena ya tumboni peke yake haitoshi.

Karakana nayo ina mitego yake, na mingi haionekani kwa macho. Nambari ya biti 24 ikikosewa tarakimu moja, ndege yako inatangaza jina la mwingine. Chanzo cha GPS kisichokidhi viwango hakikubaliki katika kanuni ya Marekani, hata kama ramani yake inaonyesha mahali sahihi, kwa sababu inatakiwa nafasi yenye hakika ya ndani ya sehemu 0.05 ya maili ya baharini. Mwinuko unaotangazwa usipolingana na ule wa transponda, kifaa kinachoijibu rada, mwongozaji anasoma mambo mawili. Yapo pia mazingira ambayo fundi hawezi kuyarekebisha: mawimbi ya GPS yanapovurugwa, kama ilivyotokea mara nyingi eneo la Baltiki na Mashariki ya Kati, tangazo linapotea au linadanganya, na rada ya zamani inaheshimika upya.

Kwa makosa yanayoweza kurekebishwa, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, imeweka huduma ya bure: rubani anaruka ndani ya eneo linalosikika, kisha anaomba ripoti ya ubora wa matangazo ya safari ile, na palipo na kasoro panawekewa alama nyekundu. Mmiliki asimalizane na fundi kabla ya kuishika ripoti hiyo mkononi. Ikija na nyekundu, ndege irudi karakana kabla abiria hajapanda.