Waliojitokeza Ndio Wanaofukuzwa

Tarehe 6 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiruhusu serikali ya Rais Donald Trump kuanza kuwaondoa jeshini wanajeshi waliobadili jinsia, huku kesi walizofungua zikiendelea kusikilizwa katika mahakama za chini. Kwa wengi wanaoufuata mjadala huu kwa mbali, suala zima limebaki kuwa mvutano wa kimaadili kati ya wanaokubali kubadili jinsia na wasiokubali. Kulitazama hivyo ni kuzipunja pande zote mbili. Serikali ina hoja za kijeshi zinazostahili kujibiwa, na wanajeshi hao wana lalamiko ambalo hata mtu anayepinga kabisa kubadili jinsia anaweza kulielewa.

Tuanze na serikali. Jeshi si mwajiri wa kawaida. Kwa kanuni zake za uandikishaji, jeshi la Marekani humkataa kijana ambaye pumu yake imeendelea baada ya utoto, na humkataa mwenye kisukari anayeishi kwa insulini, bila mtu kuliita hilo ubaguzi, kwa kuwa askari anayehitaji dawa mfululizo huwa mashakani pale njia za kupeleka mahitaji zinapokatika. Anayefanyiwa upasuaji hukaa nje ya orodha ya wanaoweza kupelekwa vitani mpaka apone. Aidha, askari hulala na kuoga pamoja, na malalamiko ya faragha yakizuka ni kamanda wa kikosi anayepaswa kuyamaliza, wala si mwanasheria aliyeko Washington. Majaji nao, kwa desturi ndefu, husita kuingilia hukumu ya makamanda juu ya nani anafaa kuvaa sare.

Hoja hizo ni za kweli, lakini uzito wake hupimwa kwa takwimu, na takwimu za Pentagon yenyewe, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, haziubebi. Hadi Desemba 2024, wanajeshi waliokuwa na utambuzi wa kidaktari kwamba wanataabishwa na jinsia waliyozaliwa nayo walikuwa 4,240 katika jeshi zima la watu zaidi ya milioni 2, askari wa akiba wakiwemo; hiyo ni kama asilimia 0.2. Kati ya 2015 na 2024 matibabu ya kundi hilo yaligharimu takriban dola milioni 52, yaani wastani wa dola milioni 5 na ushei kwa mwaka, katika wizara ambayo bajeti yake ya mwaka imepita dola bilioni 800. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikuwa imekadiria mwaka 2016 kwamba gharama ingekuwa kati ya dola milioni 2.4 na 8.4 kwa mwaka, na makadirio hayo yametimia. Sasa tuiweke hesabu hiyo kando ya mtu mmoja. Emily Shilling, mlalamikaji wa kwanza katika kesi iliyofunguliwa jimboni Washington, alikuwa rubani wa jeshi la majini kesi ilipofunguliwa; aliruka zaidi ya mara 60 katika operesheni za kivita na baadaye akawa rubani wa majaribio. Mafunzo yake yameigharimu serikali zaidi ya dola milioni 20. Kumwondoa yeye peke yake ni kutupa fedha ambazo zingelipia matibabu ya wote hao kwa karibu miaka minne. Jaji wa kesi hiyo, Benjamin Settle, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alizipima hoja za serikali na mnamo Machi 2025 akaisimamisha marufuku nchi nzima. Zuio lake ndilo Mahakama ya Juu ililoliweka kando.

Hata hivyo, fedha si kiini cha lalamiko. Amri ya Rais Trump ya tarehe 27 Januari 2025, iliyozaa marufuku hiyo, haikuishia kwenye dawa na upasuaji. Ilisema kwamba kujitambulisha kwa jinsia isiyo ya kuzaliwa kunapingana na ahadi ya askari ya kuishi kwa heshima, ukweli na nidhamu. Ni shutuma nzito, na inawaangukia watu wasiostahili. Waziri wa Ulinzi Ash Carter alipoondoa marufuku ya zamani Juni 2016, alimwekea askari utaratibu: aende kwa daktari wa jeshi, apate utambuzi rasmi, amweleze kamanda wake, na wapange pamoja wakati wa matibabu usiovuruga kazi za kikosi. Rais Joe Biden alirudisha ruhusa hiyo, iliyobanwa katika serikali ya kwanza ya Trump, Januari 2021. Waliofuata utaratibu huo walisema ukweli kwa sababu wakubwa wao waliwaambia kwamba ni salama kuusema. Leo faili lile lile la matibabu ndilo linalotumika kuwabaini, wakati aliyeficha kila kitu, asimwone daktari yeyote wa jeshi, hana karatasi ya kumfichua. Kuwaita hawa watu wasio wakweli ni jambo ninaloshindwa kulikubali.

Serikali hujibu kwamba mlango wa msamaha, yaani ruhusa ya kipekee ya kubaki jeshini, upo. Upo kwenye karatasi. Anayeuomba lazima athibitishe kwamba utumishi wake unachangia moja kwa moja uwezo wa kivita, kwamba ametulia katika jinsia yake ya kuzaliwa kwa miezi 36 mfululizo, na kwamba hajawahi kujaribu kuibadili. Sharti hilo la mwisho linamfungia nje kila aliyekwisha kubadili jinsia, rubani au mpishi, hodari au goigoi, kabla utendaji wake haujaangaliwa.

Njia nyingine ilikuwepo, tena ilitoka katika serikali ya kwanza ya Trump mwenyewe. Sera ya Waziri wa Ulinzi James Mattis ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Aprili 2019, ilikuwa kali kwa waombaji wapya, lakini iliwaacha kazini waliokwisha kujitokeza chini ya ruhusa ya Carter. Mtu anaweza kuipinga sera ile kwa mengi, ila ilitambua kwamba serikali iliyompa askari neno lake inawajibika kwalo. Safari hii hata waliokaribia kustaafu hawakuangaliwa: Agosti 2025 jeshi la anga lilikataa maombi ya kustaafu mapema ya wenye utumishi wa kati ya miaka 15 na 18. Pensheni kamili hupatikana baada ya miaka 20, hivyo hao waliachiwa kiinua mgongo cha mkupuo mmoja, na hakuna hoja ya utayari wa kivita iliyotolewa kueleza kwa nini pensheni waliyoitumikia muda wote huo nayo ilibidi ichukuliwe.