Nataka Mkono Tu, Mzee!

Barazani petu hapa Makadara, tezi dume haikuzungumzwa kama maradhi. Ilizungumzwa kama kidole, kile cha daktari kipimacho kwa nyuma. Kila jioni, muuza kahawa akimimina, hakosi mtu wa kuapa kwamba mwanamume hafanyiwi yale kisha akarudi kwake kofia iko kichwani. Aliyeapa kwa sauti kubwa ni mkwe wangu, babake mke wangu. Mimi nikiitikia, ila kimoyomoyo nahesabu: miaka 52, na kila usiku naamka mara nne kukojoa.

Siku hiyo nikapanda baiskeli, bila kumuaga mtu, hadi kwenye hema la upimaji. Nikatiwa nyuma ya pazia, nikaambiwa, "Jitayarishe, mzee." Nikajitayarisha hasa. Nikavua cha kuvuliwa, nikalala ubavu, magoti kifuani, macho nimefumba, nasoma kila dua niijuayo.

"Yallah!" muuguzi akapiga ukelele. "Nataka mkono tu! Natoa damu!"

Kumbe huanza na damu, kichupa kidogo. Hicho kidole ni mpaka daktari aone haja. Nami naitafuta suruali, upepo wa kusi ukalibeba pazia. Foleni nzima ikaniona. Wa tatu kwenye benchi, kofia ya viua kaishusha mpaka kwenye nyusi, ni mkwe wangu. Akaniona pale ambapo mkwe hapaswi kumuona mkwe.

Na damu yenyewe haikutolewa. "Umekuja na nini?" Baiskeli. "Basi rudi kesho kutwa. Baiskeli hupandisha kipimo. Na siku mbili hizi, mzee, mambo ya chumbani pia uyawache."

Ilikuwa Alhamisi. Usiku mke wangu kajifukiza udi, asumini kichwani. Nikamwambia mgongo waniuma. Ijumaa nikasema jino. Akampigia mamake kunishtaki, na kicheko cha mama nikakisikia mpaka uani: "Na huku babako ashikwa na mgongo tangu jana!"

Jumamosi asubuhi nikatoka kwa miguu. Kwenye kona nikamkuta mkwe wangu, naye kwa miguu, kofia kaishusha vilevile.

"Sabalkheri, baba."

"Sabalkheri. Wenda wapi?"

"Sokoni."

"Hata mie."

Tukafuatana kimya, soko tukaliacha nyuma, tukakunja kuelekea hemani.