4,294,967,297 inastahili nafasi darasani

Kama ningeruhusiwa kuongeza namba moja tu kwenye mtaala wa hisabati wa sekondari, ningeongeza 4,294,967,297.

Tazama ilikotoka. Chukua 2, 4, 16, 256 na 65,536, ambapo kila namba ni ile iliyotangulia ikizidishwa kwa yenyewe. Ongeza 1 kwa kila moja: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliziona katika karne ya 17 akaamini kwamba mfuatano huo hautakatika kamwe. Inayofuata ndiyo hii yetu, 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1. Mwaka 1732, Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 akiwa St. Petersburg, alionyesha kuwa si tasa: ni 641 mara 6,700,417.

Leo mwanafunzi akipewa swali hili hubonyeza kikokotoo, anaona 641 imeingia bila baki, anaendelea na swali la pili. Jibu analo, lakini sababu hana, na kwangu sababu ndiyo hisabati yenyewe. Hasa hapa, kwa kuwa sababu ni fupi na haihitaji kugawanya chochote.

641 ni 640 + 1. Vilevile ni 625 + 16. Sasa, 640 ni 5 mara 128, kwa hiyo 640 kwa kipeo cha 4 ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Ukitoa 1 kwenye namba hiyo, inagawanyika kwa 641, maana namba yoyote kwa kipeo cha 4, ukitoa 1, ina kigawo ambacho ni namba ile jumlisha 1, na hapa ni 640 + 1. Upande wa pili, zidisha 641 yote kwa 2 kwa kipeo cha 28. Hiyo nayo bila shaka inagawanyika kwa 641. Toa ile ya kwanza kwenye hii ya pili. Sehemu ya 625 inafutika, na kinachobaki ni 16 mara 2 kwa kipeo cha 28, jumlisha 1. Yaani 4,294,967,297 kamili. Mimi kila nikiifuata hesabu hii hufurahi upya.

Euler hakuishia hapo. Baadaye alithibitisha kwamba kila namba tasa inayoigawa hii lazima ibakize 1 ikigawanywa kwa 64. Kwa hiyo badala ya kujaribu namba tasa 116 kuanzia 2 mpaka 641, unajaribu tano tu: 193, 257, 449, 577, 641. Mwalimu anaweza kuligawa darasa makundi matano, kila kundi likapewa yake, kwa kalamu na karatasi.

Na mfuatano wa Fermat? Hadi leo hakuna namba tasa ya sita iliyopatikana humo. Mwanafunzi atakayetaka zaidi apewe inayofuata, 18,446,744,073,709,551,617. Fortuné Landry aliipasua mwaka 1880, kabla ya kompyuta, akapata kigawo 274,177.